Mashavu ya Chiriku

Kinyozi alikuwa na ndevu nyingi kuliko wateja wake wote, na watu walimtania kwa hilo kila siku.

"Unatunyoa sisi, wewe unanyolewa na nani?" waliuliza.

"Kioo changu kinawatazama wateja tu," alijibu, na duka zima likacheka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri. Lilinukia sabuni na spiriti. Kila asubuhi alifagia, akachemsha taulo, akanoa wembe wake wa kukunja. Nyumbani kwake ilikuwa nyumba ya nne kutoka hapo. Mkewe alipiga pasi nguo za watu barazani. Alikuwa na pasi mbili za mkaa. Moja ikianza kupoa, nyingine ilikuwa imeshapata moto.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita. Alisema tangu anaamka hadi anasinzia, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Akitoka shule alipitia dukani kwa baba, akakaa kwenye benchi na kuwahoji wateja.

"Babu, mbona kichwa chako kina kona?"

"Nililalia upande mmoja nilipokuwa mtoto," mzee alijibu. "Wewe geuka geuka, usije ukawa kama mimi."

Chiriku alikuwa na mashavu makubwa. Yalianza kujaa alipokuwa na miaka mitatu, yote mawili kwa pamoja. Majirani walifurahi. "Mtoto huyu analishwa!" walisema, wakamfinya finya. Lakini mashavu hayakuacha kukua. Alipofika miaka sita, uso wake ulikuwa mpana chini kuliko juu. Ukimgusa taya, hukukuta ulaini wa mtoto mnono. Ulikuta kitu kigumu kama mfupa. Hakikumwuma. Lakini meno mawili ya chini yalikuwa yameng'oka kabla ya wakati wake, na mengine hayakuota. Macho nayo yalianza kuonekana kama yanatazama juu, weupe ukiwa chini ya mboni.

Majirani wakaacha kusifu. Wakaanza kunong'ona.

"Mama yake alipokuwa na mimba alimcheka mgonjwa," mmoja alisema bombani.

"Si kucheka. Ni moshi wa zile pasi zake," mwingine akasema.

Mama Chiriku aliyasikia yote. Alirudi nyumbani na ndoo kichwani na machozi mashavuni. Kinyozi akamtua ndoo.

"Achana nao, Mama Chiriku. Watu hawana kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake siku zote. Lile alilolijua hakulisema.

Kwa maana Kinyozi alijua. Alikwisha kuyaona mashavu hayo zamani, kwenye kioo cha mama yake. Yalikuwa yake mwenyewe.

Utotoni watoto wenzake walimwita Chura. Alipokuwa na miaka minane, ukoo ulimwita mtu aje kumtibu. Mtu yule alimchoma kwa chuma cha moto chini ya taya, kulia na kushoto. Vidonda vikaoza. Mtoto alilala kitandani miezi mitatu. Tangu hapo mdomo wake haukufunguka wote, na alikula polepole kuliko watu wote mezani. Mashavu hayakupungua kwa chuma. Yalikuja kupungua yenyewe, kidogo kidogo, alipokuwa kijana. Ndevu zilipoota, aliziacha zifunike makovu.

Mama yake alimwambia jambo moja. "Baba yako pia alikuwa nayo mashavu haya. Sasa yako yamekwisha. Ukioa, usiseme. Hakuna atakayekupa binti yake."

Akaoa. Hakusema. Mkewe aliwahi kugusa makovu chini ya ndevu, akauliza ni nini. "Majipu ya utotoni," Kinyozi alijibu. Hayo yalikuwa majibu ya miaka minane iliyopita, na hakuna aliyeuliza tena.

*

Siku moja mtu wa makamo alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Alikuwa tabibu wa meno katika kituo cha afya cha mtaa huo. Chiriku alikuwa benchini kama kawaida.

"Tabibu, wewe jino likikuuma unaling'oa mwenyewe?"

Tabibu alicheka hadi mashine ikamteleza kichwani. Kisha akamtazama mtoto kwenye kioo. Akaacha kucheka.

"Hebu njoo hapa, Chiriku. Fungua mdomo nihesabu meno."

Chiriku akafungua. Tabibu alitazama kwa muda mrefu. Akapapasa taya upande huu na upande ule, kisha shingo.

"Fundi," alimwambia Kinyozi, sauti yake ikiwa chini. "Kesho asubuhi mlete kituoni. Wewe na mama yake, wote wawili."

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nasema mlete."

Asubuhi walikaa watatu mbele ya meza ya Tabibu. Mama Chiriku alikuwa amemvalisha mtoto gauni lililonyooshwa hadi likasimama lenyewe. Tabibu aliuliza mengi. Yanamwuma? Hapana. Anakoroma? Kidogo. Anameza vizuri? Ndiyo. Anaona vizuri? Anaona hata vitu asivyotakiwa kuona, mama alijibu.

Kisha Tabibu akaweka kalamu chini.

"Sasa nina swali moja, na ni kubwa. Katika ukoo wenu, upande wa baba au upande wa mama, kuna mtu aliyewahi kuwa na mashavu kama haya utotoni?"

"Kwetu hakuna," Mama Chiriku alisema haraka. "Nimeuliza hadi kwa shangazi zangu."

Tabibu akamgeukia Kinyozi. "Na kwenu?"

Kinyozi aliitazama kalamu iliyokuwa mezani. Mkewe alikuwa pembeni yake, magoti yao yakigusana. Akaiona sura ya mama yake. Akaisikia sauti ile.

"Hakuna," alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna, Tabibu."

Tabibu alishusha pumzi. "Basi lazima niwaze mabaya kwanza. Uvimbe wa taya kwa mtoto unaweza kuwa mambo mengi. Mojawapo ni saratani. Sisemi ndiyo. Nasema lazima tuhakikishe. Hapa hatuna mashine ya picha. Nitawaandikia barua ya kwenda hospitali kuu. Nafasi yao ya karibu ni baada ya wiki mbili."

Mama Chiriku hakusikia kitu kingine baada ya neno lile. Njiani alimbeba mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa na miguu yake ikining'inia. Kinyozi alitembea nyuma yao. Mara tatu alifungua mdomo aseme. Mara tatu akaufunga.

*

Siku zile nyumba ilikuwa kama ya msiba. Mama Chiriku alichoma shati la mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikaa akimtazama mtoto akila. Alimtazama akicheza.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?" Chiriku aliuliza. "Nina uji usoni?"

Kinyozi alijiambia, nitasema leo. Kesho yake akajiambia, nitasema baada ya picha. Picha zitaonyesha zenyewe, na mimi sitakuwa na haja ya kusema. Hapo ndipo alipojificha.

Siku ya tisa mama mkwe alifika na begi lake. Bintiye alikuwa amemweleza kwa simu. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kutenda.

"Wiki mbili!" alisema hata kabla ya kukaa. "Mtoto anakwisha, na ninyi mnangoja barua? Binti yangu anasemwa kila bomba la maji. Mimi siwezi kukaa nikitazama. Namjua mtu."

"Mama, tusubiri picha," Kinyozi alisema.

"Picha ni ya nini? Uvimbe hauuoni? Au macho yako yamefunikwa na ndevu pia?"

Kinyozi akainuka akaenda dukani.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, umeme ulikatika. Mashine ikazima katikati ya kichwa cha mteja. Kinyozi akammalizia kwa mkasi. Alingoja kidogo. Umeme haukurudi. Chiriku naye hakuwa amepita dukani siku hiyo, ingawa watoto wa shule walikwisha kupita zamani. Kinyozi akatia wembe wake mfukoni, akafunga duka, akaenda nyumbani.

Barazani pasi zote mbili zilikuwa zimewekwa kando. Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni, na moto ulikuwa mwekundu. Ndani ya mkaa palilazwa chuma chembamba chenye mpini wa mti.

Mkono wa Kinyozi ukaenda wenyewe kwenye taya lake.

Akaingia ndani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka. Chiriku alikuwa mapajani mwake, amefungwa shuka kuanzia mabegani hadi miguuni, mikono ikiwa ndani. Mama Chiriku alikuwa amepiga magoti ukutani, uso kwenye viganja. Katikati ya chumba alisimama mzee mrefu mwenye koti. Watu walimwita Mzee Chuma.

"Umefika vizuri, baba mtu," Mzee Chuma alisema. "Utamshika miguu."

"Baba," Chiriku alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Bibi anasema haiumi. Ni kweli haiumi?"

Kinyozi alimpita Mzee Chuma. Alitazama huku na huku. Kwenye kiti palikuwa na bakuli la maji ambalo mkewe alitumia kunyunyizia nguo. Akapiga magoti mbele ya bakuli. Akalowesha ndevu. Akatoa wembe, akaufungua.

Mama mkwe akapiga yowe. "Anataka kumwua mtu!"

"Hapana, Mama," Kinyozi alisema. "Ngoja uone."

Akaanza kujinyoa. Bila sabuni, bila kioo. Mkono uliozoea nyuso za watu wengine sasa ulipita kwenye uso wake mwenyewe. Ndevu zilianguka mafungu mafungu ndani ya bakuli. Damu ilitoka kidogo kidevuni. Hata Chiriku alinyamaza.

Alipomaliza, akainua uso juu kwenye mwanga wa mlango. Chini ya taya, kila upande, palikuwa na kovu la duara, jeusi, lenye ngozi iliyokunjamana.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema. "Nilikuwa na mashavu haya haya. Na baba yangu kabla yangu. Nilifungwa shuka hivi hivi. Nami niliambiwa haiumi."

Mama Chiriku aliondoa viganja usoni.

Mzee Chuma alisogea, akainama, akayatazama makovu. Akatabasamu. "Si unaona? Ulichomwa, na leo huna uvimbe. Chuma kilikuponya. Unamnyima mtoto wako nini?"

Chumba kizima kilimgeukia Kinyozi. Mama mkwe alikuwa tayari anatikisa kichwa kukubali.

"Nilichomwa nikiwa na miaka minane," Kinyozi alisema. "Mashavu yalianza kupungua nikiwa na miaka kumi na sita. Chuma gani kinachukua miaka minane kufanya kazi? Nilichopata mimi ni vidonda. Nilioza. Mama yangu alinilisha kwa kijiko miezi mitatu." Akafungua mdomo wake hadi mwisho. Vidole viwili tu vingeingia. "Mwisho wake ni hapa. Kwa nini mnadhani nakula polepole? Mlidhani nina adabu?"

Kinyozi akamchukua mtoto mapajani mwa bibi, akamfungua shuka. Mzee Chuma alivuta koti lake begani, akatoka, akachomoa chuma chake kwenye mkaa na kwenda zake.

Chiriku alikuwa akipapasa uso wa baba yake kwa mikono miwili.

"Baba, kidevu chako kipana kama changu," alisema. "Kumbe tumefanana."

*

Mama Chiriku hakumpiga. Hakupiga kelele. Alimwaga maji ya bakuli nje, pamoja na ndevu, kisha akarudi akasimama mlangoni.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja namzika mtoto wangu moyoni. Kila akilala natazama kama anapumua. Na wewe upo kando yangu, unajua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mngenikataa."

"Na mimi nilivyosemwa bombani? Hukuogopa kwa ajili yangu?"

Ilikuwa kweli tupu. Mama mkwe, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, safari hii aliangalia mkeka.

"Kesho asubuhi," Mama Chiriku alisema, "utakwenda kwa Tabibu. Utalisema hili kwa mdomo wako. Mimi nitakuwepo nikisikiliza."

Akalisema. Tabibu alimsikiliza hadi mwisho, akizungusha kalamu. Hakumkaripia. Alipapasa taya la Kinyozi, akatazama makovu, akatazama meno machache yaliyokaa ovyo.

"Ungeniambia siku ile, mama huyu asingelia," alisema. "Lakini umesema. Wengi hawasemi kabisa."

"Kwa hiyo si saratani?" Mama Chiriku aliuliza.

"Sasa nina matumaini makubwa kwamba siyo. Lakini matumaini si kipimo. Picha bado itapigwa, na damu itapimwa. Sitaki kumwambia mama jambo kwa kubahatisha."

Siku tatu baadaye walikuwa hospitali kuu. Chiriku aliingizwa kwenye mashine iliyozunguka kichwa chake polepole, naye akaambiwa asiseme hata neno moja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutolewa damu. Kisha wakakaa kwenye korido. Saa zilipita. Mama Chiriku alihesabu vigae vya sakafu. Kinyozi alishika kidevu chake kila mara, akikuta ngozi tupu.

Mlango ulipofunguliwa, daktari bingwa aliwaita. Tabibu wa mtaani alikuwa amekuja naye, maana alitaka kuiona picha kwa macho yake. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye taa. Ilionyesha taya zima la Chiriku.

"Tazameni hapa," daktari bingwa alisema. "Kulia na kushoto, pande zote sawasawa. Mfupa una vyumba vyumba kama sega la nyuki. Damu yake iko sawa. Ukiunganisha na historia ya baba na babu, jibu liko wazi. Hii si saratani."

Mama Chiriku aliinamia magoti yake akalia. Safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tabibu ndiye aliyewaeleza vizuri, kwa lugha ya mtaani.

"Ni hali adimu ya kurithi. Wataalamu huiita kerubizimu. Jina lilitoka kwenye picha za zamani za malaika watoto wenye mashavu manene."

"Kwa hiyo mimi ni malaika?" Chiriku aliuliza.

"Malaika wanajua kunyamaza," mama yake alisema huku akijifuta pua.

Tabibu akaendelea. "Mtu mwenye hali hii, mfupa wa taya haujengeki kama kawaida. Sehemu ya mfupa inageuka kuwa nyama ngumu, na taya linavimba. Huanza mtoto akiwa mdogo, miaka miwili hadi mitano hivi. Hukua hadi wakati wa balehe. Kisha husimama. Baada ya hapo, kwa watu wengi, hupungua taratibu hadi utu uzima. Si wote hupungua kwa kiasi kimoja. Baba Chiriku ni ushahidi mmoja wa waliopungua."

"Akili yake?" mama aliuliza. "Shuleni wanasema..."

"Akili haihusiki hata kidogo. Umemsikia anavyouliza maswali?"

"Na dawa?"

"Dawa ya kumeza hatuna. Tutakachofanya ni kumwangalia. Kila baada ya miezi sita mtamleta. Tutatazama meno, kwa sababu mengine yatang'oka mapema na mengine hayatakaa mahali pake. Tutapima macho. Mkiona anashindwa kuona vizuri, au kupumua, au kumeza, msingoje siku ya miadi. Njooni siku hiyo hiyo. Hapo ndipo daktari wa upasuaji huingia. Vinginevyo, hakuna kukata, hakuna kuchoma, hakuna kumng'oa meno mtaani."

Daktari bingwa akaongeza. "Na mkimwona mtoto mwingine ana uvimbe wa taya, msiseme, ah, ni ule wa Chiriku. Hasa uvimbe wa upande mmoja, unaouma, au unaokua kwa siku chache. Huyo akimbizwe hospitali."

Mama Chiriku alikuwa na swali ambalo alilishikilia muda mrefu. Alilitoa kwa sauti ndogo. "Ni kweli sikumfanyia kitu? Zile pasi? Moshi?"

"Hukumfanyia kitu," Tabibu alisema. "Si pasi, si moshi, si kucheka mtu. Hata baba hakufanya kosa kwa kuwa nayo. Fundi, una vitana viwili mfukoni?"

Kinyozi akavitoa.

"Tuseme kimoja ni kizima, kingine kimevunjika jino. Kila mtoto wako anatia mkono mfukoni mwako bila kutazama, anachukua kimoja. Anaweza kutoa kizima, anaweza kutoa kilichovunjika. Nafasi ni sawa kwa sawa, na kila mtoto anaanza upya. Chiriku alitoa hiki. Atakayekuja baada yake anaweza kutoa kile. Hakuna anayechagua, na hakuna wa kulaumiwa."

Kinyozi alivitazama vile vitana, kisha akamtazama mkewe. Mkewe hakumtazama, lakini aliusogeza mguu wake kidogo, magoti yao yakagusana.

*

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Mama Chiriku alichukua miezi kabla ya kumtania mumewe tena. Kuna siku katikati ya kupiga pasi alisimama ghafla na kusema, "Majipu ya utotoni!" kisha akaendelea na kazi yake kwa hasira, na shati lililokuwa mbele yake likanyooka kuliko mashati yote.

Kinyozi hakufuga ndevu tena. Wateja walishtuka. Walipouliza kuhusu makovu, aliwaeleza, mashine ikiwa mkononi, na mteja akiwa hana pa kukimbilia. Akaenda bombani asubuhi moja, mahali ambapo wanaume hawakuzoea kwenda, akasimama mbele ya foleni ya ndoo. "Mashavu ya mtoto wangu yanatoka kwangu," alisema. "Mwenye neno aje dukani aniambie mimi." Hakuna aliyekwenda.

Alikwenda shuleni pia. Mwalimu alimsikiliza, kisha akamhamisha Chiriku kutoka nyuma ya darasa, alikokuwa amewekwa ili asichekwe, akamkalisha mbele. Watoto wawili watatu waliendelea kumtania. Chiriku aliwaeleza habari za sega la nyuki kwa kirefu kiasi kwamba walichoka wenyewe.

Mama mkwe alikaa wiki nzima bila kupiga simu. Kisha akaja. Alimletea Chiriku viatu vipya, na kwa Kinyozi alileta maneno machache.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemfunga lile shuka."

"Ulimpenda, Mama. Hukujua."

"Ningelijua, kama ungelisema."

"Ndiyo, Mama. Hilo ni langu."

Wakayaacha hapo. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempeleka mjukuu wake kliniki mara nyingi kuliko wote. Akiwa kwenye korido alizungumza na kila mzazi, akiuliza uvimbe wa mtoto wake uko upande gani. Wauguzi walimwita Daktari Bibi.

Mashavu yalikua hadi Chiriku alipofika miaka kumi na mbili. Kulikuwa na mwaka mmoja mgumu, macho yakiwa yamesukumwa juu, na Tabibu akataka aonekane kila mwezi. Walikaa roho juu mwaka ule wote. Lakini macho yaliendelea kuona, na kisu hakikuhitajika. Kisha uvimbe ukasimama. Picha ya mwaka uliofuata ilikuwa sawa na ya kabla yake. Alipofika kumi na nne, daktari bingwa aliziweka picha mbili kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu. Baadhi ya vyumba vya sega vilikuwa vimeanza kujaa mfupa mpya.

Mwezi huo huo Tabibu alimtengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, ya kuziba mapengo ya chini na ya juu. Kwa miaka mingi Chiriku alikuwa amekula vitu laini, uji na viazi vya kuponda, huku akiongea katikati ya kila kijiko.

Walirudi nyumbani mchana. Mama yake alikuwa akimenya karoti kwa ajili ya mchuzi. Chiriku aliokota moja mbichi kwenye sinia, akaikagua mwanzo hadi mwisho, akaingiza ncha yake mdomoni na kuuma.

Ilikatika kwa mlio mkubwa.

Mama yake aliacha kumenya. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, aliacha kuvua viatu. Binti yao alitafuna, akatafuna, macho yameng'aa, wala hakusema neno hata moja hadi karoti ilipokwisha.